Mama Semeni na Meza za Kombati

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka: kisu cha umeme cha kukatia kitambaa kikizimwa katikati ya mkato. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kiwandani. Aliyekizima ni Semeni Mwinjuma, mkuu wa chumba cha kukatia, anayestaafu Juni 30 baada ya kukitumikia kiwanda chetu miaka thelathini na minne.

Alianza kwa kufagia vumbi la pamba, akawa mkataji, kisha mkuu wa chumba. Mama huyu wa Matombo hukagua kitambaa kwa shavu: hukilaza usoni, hufumba macho, kisha hutamka kama kitachuja rangi. Akikosea, huwanunulia wote maandazi. Tumeyala mengi.

Siku ile kisu kilipozimwa, taarifa ilikuwa imetufikia kwamba bajeti imebadilika na oda ya kombati za jeshi imesitishwa. Meza zote zilijaa kitambaa cha mabaka. Kingekuwa cha kaki, kingegeuzwa kaptula za shule, lakini mabaka raia haruhusiwi kuyavaa. Kitambaa chetu kilikuwa na mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo alikuwa amesema tusubiri. Marobota tukayafungia stoo. Wenye maduka wa Mwembesongo, wateja wetu wa zamani ambao tuliwatupa mkono oda ya jeshi ilipotujia, walikwishazoea sare za kutoka nje.

Mama Semeni aliwafuata. Alizunguka madukani na sampuli begani huku akipigwa vijembe: "Leo ndiyo mmetukumbuka? Si mlikuwa watu wa serikali nyie?" Alicheka nao, akarudi na oda za sare za shule, na baadaye za ovaroli za wakata miwa. Chumba cha kukatia hakikufungwa.

Ungedhani baada ya hapo angeichukia kazi ya jeshi. Wala. Mwaka huu ilipokuja oda mpya, kubwa kuliko ile, alitaka ipewe meza zote. Kombati ndizo zilizomsomeshea watoto, na vibarua wake wangeajiriwa, akiwemo binti yake, Mwaisha. Mimi, niliyeajiriwa kupanga mipango, nilimweleza kwamba fedha ya ulinzi huchangamsha mji inapoingia, lakini ikikatwa huacha watu na mashine visivyo na mteja mwingine. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, Mwaisha anataka kula sasa hivi. Hiyo nadharia yako inaiva lini?"

Jibu nalitafuta hata sasa, ninapoandika sifa hizi.

Mama Semeni, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa mikono yako, kwa utani wako na kwa kututafutia kazi wakati sisi wa ofisini tulikuwa bado tunafanya vikao. Uende salama, upate afya, na ulale hadi jua likuchoke.

Jana asubuhi niliwasilisha pendekezo langu kwa menejimenti: oda ya jeshi ipewe nusu ya meza tu, nusu ibaki kwa sare za shule na ovaroli. Limekubaliwa, kwa hiyo Mwaisha hataajiriwa mwaka huu. Jioni nilikwenda kwa mama yake, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mwenyewe.

Yasmin Mansuri
Kitengo cha Mipango