Mboga Nilizotoboa kwa Sindano ya Gunia

Kina mama wa Muhoroni, na nyinyi wazee watatu mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, nawasalimu. Nimeambiwa mnataka kuanza chama cha kikapu, mlipe mkulima kabla ya msimu, naye awaletee mboga zisizopigwa dawa kila Jumamosi. Nimeitwa niwaambie vile kinafanya kazi. Lakini kwanza nitawaambia vile nilikiharibu, maana mkisikia kwa mwingine mtasema nilificha.

Shamba langu liko chini ya Otonglo, upande wa ziwa. Familia kumi na nane za Kisumu mjini zilinilipa mwanzo wa msimu, nikanunua mbegu na samadi bila kukopa. Hakukuwa na broka katikati, kwa hivyo walikula kwa bei ya chini kuliko sokoni, na mboga ilikuwa safi. Sukuma wiki, kunde, mrenda, na osuga, ile mboga chungu tunayopika na maziwa. Majani yalikuwa na matundu ya wadudu, na watu waliyapenda hayo matundu. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alikuwa akisema mdudu ndiye mkaguzi wetu na hatumlipi mshahara.

Siku ya kuanza alitusomea mkataba. Mavuno ni ya wote, hasara ni ya wote. Shamba likikosa, kikapu kitakuja kitupu na hakuna mtu atanuna. Nikatia sahihi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hilo neno sikuliamini hata kidogo. Tangu lini mtu wa mjini akala hasara ya mkulima?

Na kiburi kilikuwa kimeniingia. Kina mama wanaouza mboga hapo Otonglo niliwaita wauza sumu, hadharani, na nikipita na vikapu vyangu nilikuwa nafunga pua. Walikuwa wananingoja tu.

Asubuhi moja nikakuta viboko wamepita shambani. Kiboko hachagui. Alichokosa kula, alikikanyaga. Nililia, kisha nikafanya ujinga mkubwa kuliko kulia. Nilienda Mamboleo, mahali hakuna mtu ananijua, nikanunua magunia mawili ya sukuma ya kupigwa dawa.

Majani yalikuwa mazima, yanang'aa, hakuna tundu hata moja. Nikachukua sindano ya gunia, nikaketi jikoni nikayatoboa. Mnacheka. Chekeni. Binti yangu aliniuliza nashona nini, nikamwambia anyamaze. Nilifanya hivyo Jumamosi tano.

Sasa, katika chama kulikuwa na mama mmoja ambaye mume wake alikuwa anaugua ini. Alijiunga kwa sababu ya huyo mume tu. Alikuwa anamkatia sukuma nyembamba kama uzi, anamlisha kwa kijiko. Nilijua hayo yote. Kila Jumamosi aliniuliza kama ni ya shamba kweli, nami nilimjibu ni ya shamba kabisa, nikimwangalia machoni.

Kutoboa jani moja moja kulinichosha. Nikaanza kudunga fungu lote kwa mara moja. Jumamosi ya tano yule mama akafungua fungu lake mezani, akapanga majani, akayainua dirishani. Matundu yalikuwa mahali pamoja, jani la kwanza mpaka la mwisho. Akapitisha kalamu, ikatokea upande wa pili.

Hakupiga kelele. Alinipa jani moja, akasema, "Tafuna."

Bila kuosha, bila chumvi, mbele ya watu wote na binti yangu. Nikatafuna. Akanipa la pili. Nilipotaka kutema, akasema, "Mume wangu hakutema." Hakuna mtu alimzuia. Nilikula manane.

Walinifukuza, na habari ikafika Otonglo kabla yangu. Nilipopeleka sokoni osuga kidogo iliyobaki, wale niliowaita wauza sumu wakaniuliza kama nimekuja na sindano. Shuleni wakamwita binti yangu Nyar Sindano, yaani binti wa sindano, mpaka akakataa kwenda. Nilimchapa kwa kukataa. Hilo pia nalisema hapa.

Miezi miwili baadaye yule mume akafa. Daktari hakusema ni mboga. Mama hakusema ni mboga. Hakusema pia kwamba si mboga, na hilo ndilo nalala nalo. Nilipeleka osuga matangani, yangu mwenyewe, niliyolima kwa mikono hii. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akatembea mpaka kwa mbuzi waliokuwa wamefungwa uani, akawamwagia. Waombolezaji walinitazama mpaka nikatoka kwenye boma.

Baada ya mazishi mwenyekiti akaja shambani. Nilidhani amekuja kunipeleka kwa chifu. Alizunguka, akaona nyayo, maana viboko walikuwa bado wanapita. Akaniuliza walianza lini. Nikamwambia. Akaketi kwenye tuta.

"Hiyo hasara tulikuwa tumeshailipia, mama," akasema. "Ilikuwa yetu. Ungeleta vikapu vitupu, tungekuja na majembe. Wewe ulituona watu wa kununua mboga tu."

Ndugu zangu, yale majani manane hayakuniuma vile maneno hayo yaliniuma. Ningesema sentensi moja tu, na yule mgonjwa, hata kama siku zake zilikuwa zimeisha, angezimaliza akila chakula safi.

Nikaenda mbele ya chama. Sikuanza na viboko. Nilianza na uongo, nikafuata na mgonjwa, viboko nikawataja mwisho. Wakapiga kura, nikarudishwa kwa tofauti ya kura mbili tu. Wakaja kuchimba mtaro upande wa ziwa na kusimamisha ua wa miiba. Jumamosi ya kwanza kila familia ilipata kiganja kimoja cha osuga, basi. Mmoja alinung'unika, na alikuwa na haki.

Watu wa Muhoroni, hapa kwenu miwa imemeza mashamba na sukuma mnauziwa ghali. Chama kitawapunguzia gharama, sina shaka. Lakini msimuulize mkulima wenu ameleta nini. Mwulizeni nini kimekufa wiki hii. Na akiwaambia, msinune, maana mkinuna mara moja tu mmeshamfundisha kudanganya.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu, na wale waliochimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, nao si watu wa jembe. Binti yangu anasoma, ingawa ni shule nyingine. Na yule mama namshukuru pia, hata kama hataki kusikia. Alirudi chamani msimu huu. Kila Jumamosi anachukua kikapu mkononi mwangu bila kunisalimia. Nilimwomba msamaha mara moja, hajanisamehe, na sijamwomba mara ya pili. Anarudisha kikapu kitupu, nami nakijaza.