Siku ya Pipa

Benchi ni langu, nalisema mapema ili lisiletewe ubishi. Nililipigilia misumari mwenyewe mbele ya kibanda changu cha viatu, kwa ajili ya wateja wanaosubiri gundi ikauke. Wateja hawalikalii. Wanaolikalia ni Breki, dereva wa lori la saruji, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Dokta, ambaye kazi yake hospitalini ni kupiga deki, lakini kwa kutibu watu hapa kijiweni hana mpinzani. Na Mapipa, fundi wa mapipa katika kile kiwanda cha wiski nyuma ya reli, mtu mpole, kucha zake nyeusi kwa masizi tangu nimjue. Mwenye birika ni Shangazi. Anatuuzia kahawa na hapendi upuuzi, ingawa maskini amejikuta jirani nao.

Alasiri hiyo Mapipa alikuja amenuna. Siku zote akifika hupokea kikombe, hupuliza, kisha huuliza, "Haya, leo nani tunamsema?" Safari hii alikaa tu, akakitazama kikombe kama mtu aliyeletewa cha mwenzake.

— Vipi, umelamba ndimu? — Breki akamuuliza.

— Wanafunga ghala, — akasema Mapipa. — Lile la nyuma. Wiski haiendi. Kila mwenye pipa lake aseme mpaka Ijumaa kama analichukua, la sivyo linabaki kuwa mali ya kiwanda.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kiwandani kwao, fundi akijaliwa mtoto hutengeneza pipa moja kwa mikono yake, akachonga jina la mtoto kwenye kifuniko, na kiwanda kikalijaza bure. Pipa hulala ghalani mpaka mtoto aolewe au aoe, ndipo linafunguliwa harusini. Mapipa ana mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo anaolewa Jumamosi. Sisi pipa hilo tunalifahamu kuliko tunavyowafahamu mashemeji zetu. Binti alikuwa bado anatambaa tulipoanza kulisubiri. Breki aliapa atalibeba kwenye lori lake taratibu kama amebeba mayai. Dokta aliahidi kuja na kikombe chake mwenyewe, kikubwa. Mimi nilijitolea kusema maneno machache. Siku hiyo tuliipa na jina: Siku ya Pipa.

— Sasa kununa kwa nini? — Breki akasema. — Jumamosi si ndiyo Siku ya Pipa yenyewe?

— Binti hataki.

— Hataki kuolewa?

— Kuolewa anataka sana. Pombe ndiyo hataki. Harusi ya maji, juisi na soda, basi. Bwana harusi hanywi, marafiki zao hawanywi. Nikamwambia, mwanangu, lile pipa lina jina lako. Akanijibu, baba, mimi sikuliomba.

Neno hilo lilimuuma, ukimtazama tu unaona, na mimi likaniuma kwa niaba yake.

— Kwani huko kiwandani wanasemaje? — Dokta akauliza. — Watu wamepatwa na nini?

— Wanasema vijana hawanywi. Na hao wachache wanaokunywa wanataka vile vikopo vya matunda vyenye mapovu. Mapipa mapya hayajazwi tena. Mnajua kazi yetu ilivyo: wiski unayoijaza leo, mnywaji wake sasa hivi yuko chekechea. Wakubwa wamewatazama watoto wa chekechea, wakaona hapa hakuna mteja.

— Simu! — Breki akaruka kama kawaida yake. — Mimi nilishasema, ni simu. Zamani ulikuwa unalewa, unacheza, unaangukia meza ya watu, asubuhi hakuna ushahidi. Ni neno lako na lao. Leo ukipepesuka kidogo tu umeshapigwa video, bosi ameiona, mama mkwe ameiona. Nani atalewa katika hali hiyo?

— Si simu, ni saa, — Dokta akamkatiza. — Zile wanazovaa mkononi. Zinapima moyo. Kijana akinywa glasi moja, saa inamwambia umelala vibaya. Hebu fikiria, saa! Sisi saa zetu zilikuwa zinatuambia ni saa ngapi tu, na hata hapo zilikuwa zinadanganya.

— Mnahangaika bure, — nikasema. — Jibu liko kwenye visigino.

Wakaanza kucheka. Nikawaacha wacheke, kwa sababu hili nimelifikiria muda mrefu.

— Mlevi anatembea akiegemea upande mmoja. Kisigino chake kinalika upande huo huo. Zamani nusu ya viatu vilivyoletwa hapa vilikuwa vya namna hiyo, na mimi nilikula kwa visigino hivyo. Siku hizi vinalika sawasawa. Vijana wamenyooka mno. Na wengi wanavaa raba ambazo hata hazirekebishiki. Kwa hiyo hata mimi ni mwathirika wa jambo hili, msidhani ni Mapipa peke yake.

— Fundi, wewe umevuta gundi, — Breki akasema. — Nisikilizeni. Hili ni jambo la wenye viwanda vya maji. Nyinyi hamjiulizi? Zamani nani alinunua maji? Maji yalikuwa bombani. Leo kila kijana ana chupa yake ya maji, anatembea nayo kama mtoto mchanga. Mle ndani kuna kitu wametia. Ukiyanywa unaridhika. Mtu aliyeridhika wiski ya nini?

— Wametia nini? — Dokta akauliza.

— Kuridhika!

— Kha! Kuridhika hakutiwi kwenye chupa, mimi nafanya kazi hospitali. Ninyi hamkuangalia viti. Nendeni kwenye hizo baa mpya mkaone. Viti virefu, havina mgongo, miguu inaning'inia. Binadamu hawezi kulewa miguu inaning'inia, damu haipandi kichwani. Aliyebuni viti hivyo ametumwa.

— Ametumwa na nani?

— Na wenye maji, — Breki akadakia, na kwa mara ya kwanza mwaka huo wawili hao wakakubaliana.

Mapipa hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe kwenye kiganja.

— Na lenyewe linazidi kupungua, — akasema. — Wiski ikikaa kwenye mbao, kila mwaka hewa inachukua kidogo. Juzi nimeligonga kwa nyundo, linalia utupu mpaka chini ya katikati.

— Basi hewa ndiyo mteja wenu aliyebaki, — Shangazi akasema bila kugeuka.

Tungali tunalitafakari hilo, binti akatokea. Kweli, mkononi ana chupa ya maji, na Breki akanikanyaga mguu kunionyesha. Mimi niliangalia visigino. Sawasawa kabisa.

— Shikamooni, baba zangu. Shangazi, shikamoo.

— Marahaba, bibi harusi, marahaba. Shangazi, mmiminie mtoto.

— Asante, sikai. Nimekuja kwa jambo moja tu. Baba hajala tangu jana, na mimi siwezi kwenda kuolewa namwacha nyumbani na njaa ya hasira. Nimekubali. Nitaweka meza moja pembeni, karibu na mlango, na pipa lije. Lakini sitaki meza ikae tupu, watu waanze kuishangaa. Nataka kujua wa kukaa hapo. Nani atakunywa?

— Haa! — Breki akapiga paja. — Mtoto anauliza jua linachomoza wapi! Andika, wa kwanza ni mimi...

Mkono aliouinua kujihesabu ukabaki juu.

— Ila... Jumapili alfajiri nina safari. Na siku hizi kabla ya kupewa ufunguo wa lori wanakupulizisha kile kimashine. Kikilia, kazi huna.

— Tangu lini? — nikamuuliza.

— Tangu zamani kidogo.

— Si unipe mimi nafasi yake, — nikasema kwa haraka, kisha nikamkumbuka mama watoto, na yale niliyomwahidi siku kisu changu cha ngozi kilipopitia kwenye kidole gumba kwa sababu ya glasi mbili za mchana. Nikakohoa. — Dokta yupo lakini. Dokta ana kikombe.

Dokta alikuwa anaangalia barabarani.

— Mimi wodi ya wagonjwa wa ini naipiga deki kila asubuhi, — akasema. — Chini ya vitanda vyao. Niliacha kimyakimya, sikuona haja ya kutangaza.

Shangazi akacheka mpaka akaweka birika chini.

— Mungu wangu! Na mnakaa hapa kila siku, tangu mnatoka kazini mpaka giza, mnakunywa kahawa yangu. Hiyo wiski mngekuwa mnainywa saa ngapi?

Nilishika kiatu cha mtu nikaanza kukipiga brashi, kiatu ambacho kilishang'aa tangu asubuhi.

— Na wewe, baba? — binti akauliza, safari hii kwa upole.

— Mimi presha. Na hata kabla ya presha sikuipenda. Nilikuwa napenda harufu yake tu. — Kisha akatugeukia sisi, na macho yake hayakuwa ya upole aliozoeleka nao. — Kwa hiyo miaka yote hiyo mlikuwa mnanidanganya.

— Hatukukudanganya, — Breki akasema, na kwa mtu asiye na breki alisema polepole sana. — Tulipoapa tulikuwa tunakunywa kweli. Pipa ndilo lililochelewa.

Binti akakaa. Benchi likalia, akajisogeza karibu na baba yake.

— Baba, sasa kama huipendi, na wao hawanywi, na mimi sinywi, unataka nini na lile pipa? Niambie tu, nisikie.

Mapipa akaitazama mikono yake.

— Siku uliyozaliwa nilitoka kazini mbio, — akasema. — Tulikuwa tunaunguza mapipa kwa ndani, ndivyo wiski inavyopata rangi, nimejaa masizi mpaka masikioni. Nikanawa kwa sabuni, nikanawa tena, haya ya kwenye kucha hayatoki. Muuguzi akaniangalia, akasema wewe humshiki mtoto na mikono hiyo, rudi kesho. Nikakuona kupitia kioo cha dirisha tu. Nikarudi kiwandani, kila mtu ameshaondoka, nikachukua mbao nzuri kuliko zote, nikakaa nazo mpaka asubuhi. Jina nikalichonga mwisho. Mama yako alikuwa ameshalichagua. Sasa mimi wiski ni ya nini? Kazi ile ndiyo nilikuwa nataka uione. Hujawahi kuiona hata siku moja.

Binti alifuta macho kwa nyuma ya mkono, haraka, akisingizia vumbi. Dokta naye akasingizia vumbi.

— Hujawahi kunisimulia hiyo, — binti akasema.

— Ningesimulia siku ya kulifungua.

— Kile kifuniko chenye jina, kinaweza kutoka kizima?

— Kwa fundi, kinatoka. Wiski unaivuta kwa mpira, unaihamishia pipa lingine. Kisha unalegeza mikanda ya chuma, wa juu kwanza, taratibu. Ukipiga nyundo kwa pupa, mbao zinapasuka.

— Basi nitolee kifuniko. Nakitaka mezani kwetu, mbele, mimi na mume wangu tunapokaa. Siyo pembeni karibu na mlango. Mbele, kila anayekuja kutupa mkono akione. Nami nitawaambia kimetoka wapi.

Mapipa alimtazama kuhakikisha kama hamtanii. Kisha akakinywa kikombe chake chote kwa mara moja, kahawa ikiwa imeshapoa, akasimama.

— Unakwenda wapi? — nikamuuliza. — Hujamaliza hata kununa.

— Kiwandani, kabla hawajafunga lango. Kule waliobaki ni vijana wa ofisini, wakisikia kifuniko kinatakiwa watachukua shoka.

Binti akainuka naye. Akamshika mkono, ule mkono wenye kucha nyeusi, wakaanza kuvuka barabara hivyo hivyo, chupa ya maji ikining'inia upande wa pili.

Breki alivumilia mpaka walipofika katikati ya barabara, zaidi ya hapo hakuweza.

— Mapipa! Na ile wiski yenyewe je?

Mapipa hakugeuka. Aliinua mkono uliobaki huru, akaupunga kama mtu anayefukuza nzi.

— Kiwanda kichukue! Nyinyi kunyweni kahawa!

Tukamgeukia Shangazi na vikombe vyetu. Akaliinamisha birika, akalitikisa, likatoka tone moja likaingia kwenye kikombe cha Dokta.

— Imekwisha, — akasema. — Nendeni makwenu.