Jiji Linalomfuata Mzee Kimya

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kunyolea, kwenye kona iliyokuwa mwisho wa mji tulipokuwa vijana. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: Wembe, mwenye kibanda, Breki, dereva mstaafu wa lori, na mimi, fundi viatu. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa, Mzee Kimya akatokea kuja kunyoa, akaketi nasi, uso umemkunjamana.

Mzee Kimya alichomelea vyuma maisha yake yote. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu duniani: utulivu. Akauza nyumba yake hapa mtaani, akajenga pembezoni. Watu wakamfuata. Akauza, akasogea mbele. Wakamfuata tena. Sasa anaishi mbali kiasi kwamba kuja kunyoa ni safari, na jana jirani mpya kafungua gereji ya kunyoosha bodi za magari chini ya dirisha lake. Anataka kuhama tena. Mkewe amegoma kufungasha hata sufuria.

Breki akasema kosa ni la lami. Ukimwaga lami jioni, asubuhi maduka yameota kando yake kama uyoga. Wembe akabisha: kosa ni la binamu. Mmoja akipata chumba mjini, binamu anakuja kusalimia, anaoa, naye ana binamu zake.

— Ndivyo ilivyo dunia nzima, Breki akasema. Miji inatambaa. Itakutana, na mtu atavuka bara zima kwa kupita vibarazani mwa watu.

Wembe akaongeza kwamba dunia imeshaanza kulemea upande mmoja, ndiyo maana kiti chake cha kunyolea kimeinama. Mimi nikamwambia kiti kimevunjika mguu. Hakunisikia.

— Sasa nihamie wapi? Mzee Kimya akauliza.

Breki akapendekeza jirani na makaburi, maana wale hawana gereji. Wembe akasema amechelewa: kule ukuta umeshajengwa, na nje ya ukuta kuna baa mbili zinazoshindana kwa spika.

Hapo mkewe akafika. Alikuwa amemfuata kimyakimya, akihofia asije akarudi amenunua kiwanja. Tulimwamkia shemeji yetu. Akakaa ukingoni mwa benchi, akatusikiliza kidogo, mkoba mapajani, kisha akauliza kwa upole:

— Kote tulikohamia tulikuta pori. Nani alikata mti wa kwanza?

Wembe akaanza kufuta mashine yake iliyokuwa safi. Breki akageukia barabara kana kwamba ameitwa. Mimi nikatafuta sindano.

Mzee Kimya aliitazama mikono yake. Kisha akasogea, akatubana mpaka nikabaki nusu hewani, ili mkewe akae vizuri.

— Mimi sihami tena, akasema. Niongezeeni kahawa.