Mama Victorine Kaomba na Watoto wa Mkekani

Habari ya kifo cha Mama Victorine niliambiwa kwanza na Mama Julienne, jirani yetu aliyekuwa akimuuguza marehemu hospitalini, Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi jioni, alipofika kwetu na sahani za mgonjwa mkononi, zimekwisha kuoshwa, nikaelewa kabla hajasema. Familia imenichagua mimi, Arlette, mtoto wa mdogo wa marehemu, nisome maneno haya ya kumuaga, kwa sababu ndimi niliyeishi naye, ingawa sijazoea kusimama mbele ya watu.

Mama Victorine Kaomba alizaliwa Zongwe tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili wa mvuvi, akasoma shule ya msingi kwa masista huko Moba, kisha akajifunza ushonaji hapa Kalemie na kupata brevet, yaani cheti cha ufundi, mwaka 1977. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Papa Cyprien, fundi wa umeme kule Bendera, aliyetutangulia mwaka 2009, na Mungu aliwapa watoto wanne, waliobaki ni Bertin na Denise.

Aliingia Chuo cha Jamii cha Tujenge mwaka 1984 kama mwalimu wa ushonaji, akawa mkurugenzi mwaka 1996. Vita ilipofika, aligawa mashine za kushona nyumba kwa nyumba, masomo yakaendelea jikoni mwa watu, na hakuna mashine iliyopotea. Simu zilipoenea mjini, alianzisha darasa la kuzitengeneza, yeye mwenyewe akiwa hajui hata kuziwasha, paneli za jua zilipokuja alimwita fundi kutoka Kigoma, watu waliokimbia Nyunzu walipofika aliwafungulia masomo ya mchana, na ziwa lilipopanda hadi madarasani alihamishia meza kilimani, naye alibeba ya kwanza kichwani. Mama mwenye mtoto mchanga hakurudishwa hata siku moja, mtoto alilazwa mkekani nyuma ya darasa, na mwanafunzi aliyemaliza kazi yake kabla ya wenzake ndiye aliyembembeleza.

Mwaka 2023 kompyuta zilifika, kamati ikasema chuo sasa kinahitaji mtu mwenye diploma kubwa, ikamweka Papa Eugène, aliyefundishwa palepale. Mama hakulilia kiti. Lakini sheria ya kwanza ya mkurugenzi mpya ilikuwa watoto wasiingie tena, akamwambia mbele yetu, akionyesha kompyuta, "Mama, ordinateri haipendi mukojo." Mama akamjibu, "Eugène, weye ulikojoa mbele ya mashini zote za hapa, na mama yako akapata brevet." Watu walicheka, Papa Eugène pia alicheka, na sheria ikabaki. Mimi nilikuwa nimeandikishwa kuanza Septemba, nikiwa na mimba, na tangu mwanangu azaliwe sijauvuka mlango ule, na wenzangu wa namna hiyo ni wengi kati ya waliosimama hapa makaburini.

Kila juma Mama alikwenda kutuombea nafasi, akakalishwa kwenye benchi la wageni, katika chuo alichokibeba kichwani. Tarehe 20 Januari mwaka huu, akirudi kutoka huko, presha ilimwangusha, upande wa kulia ukapooza, na hakusema tena vizuri mpaka kufa kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani walioleta maji na kuni, walimu wenzake waliomtembelea alipokuwa bado anawatambua watu, na pia wale wa kamati ya chuo walioleta maua jana, ambao tulilazimika kuwaelekeza njia ya nyumbani kwake.

Kwetu mwili wa mwalimu hupitishwa chuoni kwake, kengele ikagongwa, wanafunzi wakajipanga. Alhamisi asubuhi nilikwenda kupanga jambo hilo, mwanangu mgongoni. Mlinzi alinizuia kwa adabu, "Samahani Mama, mutoto anabakia inje." Nikamwomba akamwambie Papa Eugène kwamba, kama ni hivyo, Mama Victorine naye atabaki nje. Nikarudi kuwaeleza wakubwa wa familia, hakuna aliyenipinga, na ndiyo maana leo jeneza limepita pale bila kusimama.

Lala kwa utulivu, Mama.