Mzee Futi na Kitanda Alichoahidi

Kila asubuhi, hata kabla ya kunawa uso, marehemu alichukua futi yake msumarini akaenda kuizungushia miti kupima unene, mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana wengi mnamjua kama Mzee Futi.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, mtoto wa tatu wa mkaushaji tumbaku. Shule aliishia darasa la tano. Baba yake aliugua, yeye akaachiwa bani, kile chumba cha moto cha kukaushia majani.

Alifunga ndoa Agosti 1990. Kitanda cha harusi kilitoka kwa shangazi yake.

Mwaka 2009 watafiti wa hapa na wenzao wa ng'ambo waliungana na kiwanda cha tumbaku kutafuta mti unaokua upesi, ili kuni za mabani zisiendelee kumaliza msitu. Marehemu aliwapa nusu ya shamba wapande miti ya jaribio, akawa mlinzi na mpimaji. Mti usikatwe hata mmoja mpaka jaribio liishe.

Mvua za 2014 zilimkuta na majani mabichi ndani ya bani na kuni zimekwisha. Moto ukizimika, mavuno ya mwaka yameoza.

"Kata miwili mitatu ya watafiti, kaka," mdogo wake alimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi si nipo?"

Akachoma mlango wa jiko. Akachoma benchi. Kisha akatoka chumbani na mbao za kitanda.

"Baba Watoto, hata hicho?" mkewe aliuliza.

"Jaribio likiisha nitakukatia mti hapo hapo, nikutengenezee kipana zaidi."

"Haya. Kwa sasa tutalalia futi yako."

Tumbaku ilikauka vizuri. Godoro likakaa chini, na mgeni akiuliza, mkewe alijibu kitanda kilishavutwa na wavuta sigara. Jaribio liliongezwa muda, likaongezwa tena. Leo mabani mengi ya majirani yanawashwa kwa miti ya kupandwa, ya mbegu ile ile.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka juzi, na ndicho kilichomwondoa. Daktari alimkataza moshi. Bani aliliacha, futi hakuiacha.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu wawili na mdogo wake.

Jumatatu jioni watafiti walipiga simu: jaribio limefungwa, achague mti. Kesho yake, Jumanne tarehe 4 Februari 2025, marehemu alinawa uso kwanza. Akapima godoro, urefu na upana, mkewe akiwa bado amelala juu yake.

"Nisogee?"

"Baki hapo hapo. Nakuja sasa hivi kunywa chai."

Akatoka na futi mkononi. Hakurudi. Mungu ampumzishe.