Mtunza Bwawa Aliyeng'oa Mti wa Mama Mkwe

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi shemeji yake nimepewa heshima ya kusoma maisha ya mtu aliyewafukuza wengi wenu kutoka juu ya tuta la bwawa kwa kelele za "Shuka! Shuka!", nanyi mkambatiza jina la Bwana Shuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1966 hadi 1972, akajifunza useremala, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa kutunza bwawa letu la kale la udongo, ambako alifyeka nyasi, akaziba mashimo ya panya na kukodisha boti kwa familia zinazokuja kupumzika Jumapili, hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na dada yangu, na hata siku hiyo mpiga picha alipotupandisha tutani, bwana harusi mwenyewe alitushusha, tai shingoni. Walijaliwa watoto watatu na wajukuu watano.

Mwaka 1990 alifariki baba yetu, ambaye ujanani alibeba udongo wa tuta lile kwa karai, na mama akapanda mti wa kumbukumbu pale juu. Marehemu aliung'oa, kwa kuwa mizizi hupasua tuta na maji hufuata nyufa, akauhamishia chini kwenye viti vya wageni, lakini mama alisema mkwe amemzika mumewe mara ya pili, na kwa miaka minane kila mkwe huyo alipomwamkia shikamoo, alimgeukia mjukuu na kumuuliza kama amekula. Dada yangu alikonda, sote tukamsihi marehemu aombe radhi, naye akasema haombi radhi kwa kazi aliyoifanya vizuri.

Aprili 1998 mvua ilinyesha hadi maji yakafika ukingoni, nyumba zetu zote zikiwa bondeni, na tuta halikuvuja. Kulipokucha mama alimfuata kazini, akamkuta amelowa chapachapa, na kabla hajaamkiwa akasema, "Marahaba, mwanangu." Mbabe wetu alilia kama mtoto.

Alianza kuugua figo Januari 2022, akatutoka Jumanne tarehe 6 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti na masufuria, na wenzake wa kazini waliomwogesha na kumbeba alipoishiwa nguvu. Mama, mwenye miaka tisini na mitatu, tulimwandalia kiti upande wa wakwe, akakikataa, akasema yeye leo anazika mwanawe.

Shemeji, tunajivunia wewe, pumzika kwa amani.