Mama Inspekta Simone Lifenya na Maabara Iliyoshuka Mto

Wapapa na wamama, watumishi wa Mungu, walimu na wanafunzi mliojaza kiwanja hiki cha Kabondo, mimi ni Noël Osumaka, mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya yaya wetu, dada yetu mkubwa, Simone Lifenya Osumaka, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Inspekta.

Alizaliwa Yanonge tarehe 14 Machi 1966, binti wa Papa Osumaka, mvuvi, na Mama Bolumbu, akasoma shule ya msingi hapohapo, akashuka Isangi kwa sekondari, akiwa msichana peke yake katika darasa la hesabu na fizikia, akapata diplome ya Serikali mwaka 1984, kisha akapanda Kisangani kusomea ualimu wa fizikia, masomo aliyoyamaliza mwaka 1990.

Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo alianza kufundisha hapa Kabondo, mjini Kisangani, na tarehe 17 Julai 1993 alifunga ndoa na Papa Constant Amisi, mzaliwa wa Kindu, mfanyakazi wa reli ya Ubundu, wakajaliwa Hugues, Déborah na Gracia.

Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa inspekta wa masomo ya sayansi, akawa mkali, hatutaficha, mwalimu aliyechelewa aliingia darasani akitetemeka, na nyumbani pia watoto wake walimlalamikia kwa sababu mto ulimchukua mara nyingi kwenda kukagua shule, hata siku Déborah alipopokea diplome yake, mama alikuwa safarini.

Mwezi wa tatu 2021 wakubwa wa elimu walikusanyika hapa mjini kujadili mkakati wa taifa wa kukuza elimu ya sayansi na teknolojia, na katika rasimu ile kulikuwa na sharti kwamba shule yoyote isiyo na maabara ifungiwe sehemu yake ya sayansi, wanafunzi wahamie shule za mfano mjini, na yaya ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuifunga ile ya Isangi, shule iliyomlea mwenyewe.

Alisimama mbele ya wote, akaacha Kifaransa, akasema, “Bakubwa, mutoto mwanamuke wa Isangi ataikala kwa nani huku Kisangani? Baba yake hatamuacha akuye. Bon, miye siwezi kufunga darasa yenye iko na batoto ndani.”

Mkubwa aliyeongoza kikao alimjibu kwa upole, “Mama Inspekta, sisi pia tunapenda batoto, lakini sayansi bila labo ni kukariri tu. Kama uko na njia ingine, utuonyeshe.”

Hapo ndipo alipopendekeza maabara moja iliyofungwa ndani ya masanduku, ishuke kwa baleinière, mashua kubwa ya mbao yenye injini, hadi Yanonge na Isangi, ipande treni hadi Ubundu, ikae kila shule majuma kadhaa, na wakubwa wakampa mwaka mmoja wa kujaribu.

Safari ya kwanza, Novemba 2021, baleinière iligonga kisiki karibu na Yanonge, maji yakaingia, hadubini zote zikaharibika, na Papa Constant anasimulia kwamba kwa mara ya kwanza alimsikia mke wake akilia kwenye simu, akimwambia, “Constant, nimeizamisha labo ya Serikali, donc darasa ya Isangi wataifunga tu.”

Lakini kesho yake aliendelea hadi Isangi na kilichobaki, lenzi, sumaku, betri na nyaya, akafundisha umeme na mwanga, wasichana wakiunganisha taa kwa mikono yao, na walimu wa Kisangani waliposikia, wakamtumia vyombo vingine kutoka shule zao, na Julai 2022, matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka, wengi wa wanafunzi wale walifaulu, darasa halikufungwa, na maabara ya mto ikaandikwa katika mkakati, ingawa mafuta ya injini aliendelea kuyaomba hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka 2023 ugonjwa wa figo ulimshika, akatibiwa hapa na Kinshasa, Déborah akimuuguza, na katika miezi ile mama na binti walizungumza yale waliyokosa muda wa kuzungumza zamani, hata tarehe 6 Mei 2025, alfajiri, alipotuacha mikononi mwa binti huyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania maisha yake, majirani wa Kabondo waliolala hapa nasi, na wenzake wa ukaguzi, hata wale wawili msiowaona leo, maana aliwakataza kusimamisha safari ya maabara kwa ajili ya matanga yake, wakatii, na saa hii tunapomlilia wako Isangi na mwalimu Patricia, aliyekuwa mmoja wa wale wasichana waliounganisha taa, wanafungua masanduku mbele ya darasa.

Yaya Simone, kazi yako imefika Isangi, sasa pumzika wewe, kwa amani.